Dondoo muhimu: Tamthilia za likizo ya kiangazi

Shule za Ulaya na Marekani zikifungwa, runinga huwaka tangu asubuhi. Anza na Country Queen ya Kenya, iliyotoka Netflix mwaka 2022: vipindi 6 tu, kuhusu binti anayerudi kijijini na kukuta kampuni ya madini inainyemelea ardhi yao. Watoto waliokulia ughaibuni watasikia Kiswahili kinavyozungumzwa mitaani. Itazame kwanza mwenyewe. Ina mambo ya watu wazima. Wadogo wawekee Supa Team 4 (2023), katuni ya wasichana wanne wa Lusaka. Kipindi kimoja baada ya chakula cha jioni, simu kando. Ukimpendekezea jirani tamthilia, mwambie inahusu nini na inafaa umri gani. Jina pekee halimsaidii.