SOMO: MTAMBO WA NYUMBA NA MATUNZO YAKE



Katika baadhi ya majumba makubwa ya Kigali, kama huko Nyarutarama, taa, pampu ya maji na hata lango huendeshwa na kompyuta ndogo. Lakini anayeifunga ni fundi, anayekesha langoni ni mlinzi, na lango likikataa kufunguka saa nane za usiku hao ndio wanaoulizwa. Kwa hiyo yatupasa tulijue jambo hili.

Mitambo hii ni ya namna mbili. Namna ya kwanza, akili yake imo katika kompyuta za kampuni huko ng'ambo. Unabonyeza hapa, amri inasafiri kwa intaneti mpaka kwao, kisha inarudi kuwasha taa iliyo mbele yako. Namna ya pili, akili imo ndani ya nyumba yenyewe, katika kisanduku cha ukubwa wa kiganja, na intaneti ikikatika kazi huendelea.

Ile ya kwanza hudumu kadiri kampuni inavyopenda. Huko Marekani kampuni ya Nest iliinunua Revolv mwaka 2014, na Mei 2016 ikazima kompyuta zake. Kisanduku kilichouzwa dola 300 kikawa pambo la kabati. Aprili 2022 kompyuta za Insteon nazo zilizimwa bila wateja kuarifiwa. Karibu na sisi, Mobisol ya Ujerumani, iliyouza umeme wa jua kwa malipo ya simu hapa Rwanda, Tanzania na Kenya, iliingia katika ufilisi mwaka 2019. Bahati ilinunuliwa na Engie ya Ufaransa mwaka huo huo. Mitambo ile hufungwa kwa mbali mlipaji akichelewa. Basi aliyekuwa katikati ya kulipa alikuwa na haki ya kuuliza funguo zinakwenda kwa nani.

Ndiyo maana wengi hupenda namna ya pili. Programu inayojulikana sana ni Home Assistant, iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013. Huchukuliwa bure, na kila mtu aweza kusoma ilivyoandikwa.

Lakini msidanganywe kwamba ukishaifunga umemaliza. Ugonjwa wa kwanza ni kadi ya kumbukumbu. Programu huandika usiku na mchana kila taa iliyowashwa na kila joto lililopanda. Kadi ya bei rahisi, kama ile ya simu, huchoka. Kifo chake hakina homa: leo kazi, kesho kimya. Umeme ukikatika, au uniti za Cash Power zikiisha katikati ya kuandika, maandishi yaweza kuharibika. Dawa ni betri ya akiba, na diski madhubuti badala ya kadi. Tena vingi vya visanduku hivi havina betri ya saa. Umeme ukirudi intaneti haipo, havijui ni saa ngapi, na taa za nje zaweza kuwaka mchana.

Pili, programu hutolewa upya kila mwezi. Fundi mwenye pupa huweka mpya Ijumaa jioni, Jumamosi kengele hailii. Nani kwetu kiwandani hubadili mkanda wa mashine katikati ya zamu? Weka nakala kwanza, nje ya kisanduku, uijaribu kama kweli inafufua mtambo, ndipo ugeuze. Kukaa miaka bila kugeuza nako ni kuwaachia wezi mlango.

La tatu naliona zito kuliko yote: mara nyingi ni fundi mmoja tu anayejua. Akihama, nyumba inabaki na fumbo. Liwepo daftari lenye mchoro wa nyaya, na nywila katika bahasha kwa mwenye nyumba. Swichi ya ukutani isiondolewe kamwe. Lango liwe na ufunguo wa chuma, na mlinzi aonyeshwe ulipo.

Mafundi wanachama, msikubali malipo ya siku moja halafu mkaitwa bure mwaka mzima. Mkataba utaje mtambo utakaguliwa mara ngapi, nani ananunua betri, na wito wa usiku unalipwa kiasi gani. Na mkataba wa mlinzi uandikwe wazi kwamba hakatwi mshahara kwa kosa la kisanduku.