Hesabu ya Fedha za Mwisho za Kazi

Ndugu msomaji, huenda umeondolewa kazini kwa sababu kazi imepungua, na umri wa kustaafu ungali mbele kidogo. Usikate tamaa, chukua kalamu na karatasi.

Kwanza, ijue haki yako. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 40, yaamuru ulipwe mshahara usiopungua wa siku 15 kwa kila mwaka mzima uliotumika, pamoja na fedha za likizo usiyoichukua.

Pili, gawanya. Tuseme ulipata shilingi 600 kwa siku, ukatumika miaka 20. 600 mara 15 ni 9,000. Mara 20 ni 180,000. Zaonekana nyingi! Lakini ikiwa imebaki miaka 2 kabla ya malipo ya uzeeni, ni shilingi 7,500 tu kwa mwezi. Huo ndio mshahara wako mpya.

Tatu, lipa madeni yenye riba, kisha hesabu upya.

Nne, usikimbilie kununua ng'ombe. Yeye hula kila siku, awe na maziwa au hana. Anza na maharagwe, ambayo huvunwa baada ya miezi 3 hivi.

Keti na mkeo au mumeo mfanye hesabu hii kabla fedha hazijafika. Zikishafika, washauri huwa wengi.