Pasiwadi ya Wi-Fi iko ukutani. Na kompyuta ya mauzo je?

Siku hizi ukiingia hotelini au saluni, kabla hujaketi unaona karatasi ukutani: jina la Wi-Fi na pasiwadi yake. Ni huduma nzuri, hata sisi tukija kula chapati tunaitumia. Lakini wewe mwenye biashara, je, kompyuta yako ya mauzo iko kwenye Wi-Fi hiyo hiyo?

Kama ndiyo, mteja aliyekaa kona ile yuko kwenye mtandao mmoja na rekodi zako, printa na kamera zako. Wengi hawana nia mbaya, ila anahitajika mmoja tu.

Tunaulizwa hili sana: pesa unazotuma kwa menyu ya laini yako hupita kwa mtandao wa simu, si kwa Wi-Fi. Hatari iko kwa ruta. Mtu akiingia kwenye mipangilio yake anaweza kukuelekeza kwa tovuti bandia, inayofanana na ile unayoangalilia malipo ya Till. Unaandika pasiwadi, naye anaichukua. Simu au kompyuta ikikuonya kwamba tovuti si salama, usibonyeze kuendelea ati kwa sababu kuna foleni.

Na kuingia huko si kazi ngumu. Ruta nyingi hufunguka ukiandika 192.168.1.1 au 192.168.0.1, kisha pasiwadi ya kiwandani, ambayo mara nyingi iko kwenye stika chini ya ruta. Na ruta yenyewe umeiweka kaunta, karibu na peremende! Hii si ile pasiwadi ya Wi-Fi. Wengi hubadilisha ile na kusahau hii. Anza na hii.

Ukiwa humo ndani, washa mtandao wa wageni, huandikwa Guest, na huo ndio uubandike ukutani. Kwa usalama chagua WPA2 au WPA3, na uzime WPS. Ukikuta ruta inakupa WEP peke yake, nunua nyingine. WEP ilivunjwa tangu 2001. Kama ruta haina mtandao wa wageni, kompyuta ya mauzo itumie bando za simu yako.

Kijana wa kaunta akiacha kazi, badilisha pasiwadi ya Wi-Fi ya biashara siku hiyo hiyo, hata kama mmeachana vizuri.