Mfuko wa Hewa wa Ubavuni: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kubadili Kiti au Kava

Baadhi ya magari yaliyotumika yanayoingizwa nchini kutoka Japani huwa na mfuko wa hewa ndani ya egemeo la kiti cha mbele, upande wa mlango. Maandishi "AIRBAG" ubavuni mwa kiti huutambulisha. Gari likigongwa ubavuni, mfuko hufumuka kufumba na kufumbua ili kukinga kifua. Kwa anayepita kona kali za Uluguru, kinga hiyo si ya kupuuzwa.

Mlaji anayebadili kiti au kushonesha kava mjini Morogoro azingatie yafuatayo:

1. Kava lisifunike ubavu wenye mfuko; likiufunika, mfuko huenda usitoke ipasavyo.
2. Mfuko unaofungwa uwe wa modeli ileile, usiowahi kufumuka.
3. Kabla ya kazi, fundi azime gari, atoe waya hasi wa betri na kusubiri muda uliotajwa na mtengenezaji, kwa kuwa umeme hubaki katika mfumo.
4. Asipime mfuko kwa mita wala taa ya majaribio. Umeme kidogo waweza kuufyatua.
5. Swichi ikiwashwa, taa ya mifuko ya hewa kwenye dashibodi iwake sekunde chache, kisha izimike. Isipozimika, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa, huenda imeondolewa ili kuificha. Usipokee gari.

Dai risiti inayoeleza kazi iliyofanyika na kifaa kilichofungwa.