KUFINYANGA NA KUSUBU SANAMU NDOGO

Wanachama wenzangu, bangili za shaba na alumini za hapa Isiolo tunazijua sote. Lakini je, mwanafunzi anaweza kuanza kusubu, yaani kumimina kitu kilichoyeyuka ndani ya kalibu? Naam! Anza na nta.

Kwanza, kanda udongo wa mfinyanzi mpaka ulainike. Udongo uwahi ungali maji! Juu ya kibao, finyanga ubavu mmoja tu wa ngamia, urefu wa kidole. Mimi humfanya amepiga magoti, kwa sababu miguu myembamba huvunjika. Chini awe mpana kuliko juu, asije akakwama.

Pili, mzungushie ukuta wa katoni na uzibe nyufa. Koroga plasta nyeupe, kama ile ya kufungia mfupa uliovunjika, iwe kama uji. Mimina polepole. Ikishakauka ngumu, igeuze, toa udongo wote. Hiyo ndiyo kalibu yako.

Tatu, loweka kalibu majini, uifute, ili nta isigande nayo. Yeyusha mshumaa katika mkebe uliowekwa ndani ya sufuria ya maji moto, kisha umimine. Ikipoa, ngamia atatoka.

Sasa sikizeni vizuri. Unyevu unaosaidia nta ni hatari kwa metali. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660 hivi za selsiasi. Ikigusa kalibu yenye maji, mvuke huilipua na kuirusha usoni. Kwa hivyo metali tuwaachie mafundi kwanza.

Mwanzo kokochi, mwisho nazi.