Pipa la Taka katika Mgahawa wa Nje

Migahawa mingi ya mwambao huandaa meza nje, chini ya miti, ili wateja wapate upepo. Mwenye mgahawa huchagua meza na viti kwa makini, lakini pipa la taka aghalabu huwa ni lolote lililopatikana. Pipa lisilofaa huzalisha nzi, na nzi hubeba vijidudu vya kuhara kutoka kwenye uchafu hadi kwenye sahani.

Tuanze na maisha ya nzi. Jike hutaga mayai yapatayo 100 kwa mkupuo katika mabaki yenye unyevu. Mayai huanguliwa kabla ya saa 24 kupita. Mabuu hula kwa siku chache, kisha hutafuta mahali pakavu na kugeuka pupa. Katika joto la pwani, nzi kamili aweza kutokea baada ya siku 7 hadi 10. Basi pipa linalomwagwa na kuoshwa kila jioni huukata mzunguko huo mapema.

Sifa za pipa lifaalo ni hizi:

1. Mfuniko. Uwe mzito, ubane vizuri, na ufunguliwe kwa kukanyaga. Mfuniko mwepesi hauwazuii kunguru wa Bara Hindi, walioletwa Unguja katika miaka ya 1890 na kuenea mwambaoni.

2. Maada. Chumvi ya hewa ya bahari huharakisha kutu. Plastiki nene yafaa kuliko chuma kitupu. Chuma kikitumika, kiwe kimepakwa zinki.

3. Ujazo. Zidisha 3.14 × nusu kipenyo × nusu kipenyo × kimo. Pipa la kipenyo cha sentimita 40 na kimo cha sentimita 70 huchukua lita 88 hivi. Kwa kuwa lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, pipa hilo likijaa mabaki ya majimaji huwa zito mno kwa mtu mmoja, na kazi huahirishwa hadi kesho. Mapipa mawili ya lita 40 ni bora.

4. Mahali. Liwe kivulini, upande unakoelekea upepo. Wakati wa kusi liwekwe kaskazini ya meza. Wakati wa kaskazi lihamishiwe kusini.

Madafu yaliyokwisha kunywewa yatengewe chombo chake, kwani yakiachwa ovyo hukusanya maji ya mvua na kuzalisha mbu.

Zoezi: Pima pipa ulilo nalo, kokotoa ujazo wake, kisha uhesabu hujaa mara ngapi kwa siku. Je, unahitaji mapipa mangapi?