Leseni imefungiwa Texas: uanzie wapi?

Kwa Mkongo anayefanya zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama Amarillo, au Mkenya anayehudumia wazee majumbani Dallas, leseni ya udereva ndiyo ajira yenyewe. Ikifungiwa, kodi ya nyumba nayo iko mashakani. Maswali yafuatayo ni yale ninayoulizwa kila mara katika kazi yangu ya ukalimani mahakamani. Majibu yanahusu Texas tu, kwa kuwa Marekani kila jimbo lina sheria zake za leseni. Penye kesi nzito, wakili hana mbadala.

Nilisimamishwa kwa sababu ya taa mbovu ya nyuma. Polisi akaniambia leseni yangu imefungiwa. Sikuwa na habari! Nifanye nini pale pale?

Tulia, jibu kwa adabu, na usibishane kando ya barabara. Ukipewa tiketi, tia sahihi. Sahihi hiyo si kukiri kosa. Ni ahadi kwamba utafika mahakamani. Wengi hukataa kusaini wakidhani wanajilinda, kumbe wanajiweka pabaya: mwaka 2001 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi ya mama mmoja wa mji wa Lago Vista, hapa hapa Texas, kwamba polisi anaweza kumtia dereva pingu hata kwa kosa la kutofunga mkanda, ambalo adhabu yake ilikuwa faini tu.

Halafu mpigie mtu mwenye leseni halali aje aendeshe gari.

Na nisisitize hili, ndugu zangu, kwa sababu tumetoka tulikotoka: usimpe polisi "kitu kidogo", wala usimdokezee. Kumhonga mtumishi wa umma Texas ni kosa la jinai lenye kifungo cha miaka 2 hadi 20. Hakuna leseni yenye thamani hiyo.

Mbona hakuna aliyeniarifu?

Yaelekea uliarifiwa, ila barua ilikwenda kwenye nyumba uliyokwisha kuihama. Idara ya Usalama wa Umma, DPS kwa kifupi, hutuma barua kwa anwani iliyo kwenye kumbukumbu zake. Sheria inakutaka uiarifu ndani ya siku 30 unapohama. Watu wetu huhama mara kwa mara wakifuata kazi na kodi nafuu, na barua za serikali hubaki nyuma.

Ingia kwenye ukurasa wa DPS wa kuangalia hali ya leseni. Utajaza namba ya leseni, tarehe ya kuzaliwa na tarakimu 4 za mwisho za namba ya Social Security. Utaona sababu ya kufungiwa na ada unayodaiwa. Anza na sababu, kwa maana kila moja ina dawa yake. Pengine ulikutwa na hatia zaidi ya mara moja ya kuendesha bila bima. Pengine una makosa 4 ya barabarani ndani ya miezi 12, au 7 ndani ya miezi 24. Au hujafungiwa kabisa: mahakama moja ya mji imeweka kizuizi usihuishe leseni kwa sababu hukujibu tiketi ya zamani.

Nilikamatwa nikishukiwa kulewa. Polisi alichukua leseni akanipa karatasi. Nisubiri siku ya mahakama?

Usisubiri! Hapa ndipo watu wengi hupoteza leseni ambayo wangeweza kuipigania.

Karatasi hiyo ni notisi ya kufungiwa, na papo hapo ni kibali cha kuendesha kwa siku 40. Ndani ya siku 15 tangu upewe, una haki ya kuiomba DPS kikao cha kusikilizwa. Ukiomba kwa wakati, kibali kinaendelea hadi uamuzi utolewe. Ukikaa kimya, siku ya 40 ikifika leseni inafungiwa yenyewe: siku 90 kwa kawaida kama ulipimwa ukakutwa na kiwango cha 0.08 au zaidi, siku 180 kama ulikataa kupimwa.

Kinachowachanganya watu ni kwamba tukio moja limezaa kesi mbili. Moja ni ya jinai, mbele ya hakimu wa kaunti. Nyingine ni ya leseni, na husikilizwa na jaji wa masuala ya utawala. Mwendesha mashtaka akiifuta ile ya jinai, ile ya leseni haifi kwa sababu hiyo. Nimewaona watu wakitoka mahakamani wakishukuru Mungu kesi imefutwa, na hawajui kwamba leseni ilikwisha kufungiwa wiki kadhaa nyuma.

Kazini ni mbali na hakuna basi. Nikiendesha taratibu, nani atajua?

Kamera na kompyuta ya gari la polisi zitajua. Mwaka 2020, katika kesi iliyotoka Kansas, Mahakama Kuu iliruhusu polisi kulisimamisha gari kwa sababu tu mwenye gari leseni yake imefutwa, isipokuwa kama polisi ana dalili kwamba anayeendesha ni mtu mwingine. Kwa hiyo hata bila kosa lolote barabarani, namba ya gari lako inatosha.

Mara ya kwanza, kuendesha na leseni iliyofungiwa kwa kawaida ni faini isiyozidi dola 500. Ukirudia, au kama leseni ilifungiwa kwa ulevi, unaweza kufungwa jela hadi siku 180 na kutozwa faini hadi dola 2,000.

Njia halali ipo. Texas inamruhusu hakimu kutoa leseni maalumu kwa ajili ya kazi, shule na shughuli muhimu za nyumbani. Unapeleka ombi mahakamani, unaonyesha barua ya mwajiri na ratiba ya zamu, na unapata bima yenye fomu ya SR-22, ambayo kampuni ya bima huituma DPS. Huna gari? Ipo bima ya dereva asiye na gari. Hakimu anaweza kukuwekea mipaka ya saa za kuendesha. Nakala ya amri iliyothibitishwa na mahakama hutumika kama leseni kwa siku 45 wakati DPS inashughulikia yako. Haikuruhusu kuendesha lori la biashara, kwa hiyo wenzetu wa malori watafute ushauri wa wakili mapema.

Nihamie Oklahoma nichukue leseni mpya?

Haitasaidia. Majimbo hukagua daftari la kitaifa la madereva kabla ya kutoa leseni.

Sina pesa za kulipa faini.

Nenda mahakamani ukaseme hivyo, kabla ya tarehe kupita. Hakimu anapaswa kuuliza uwezo wako, na anaweza kukupangia malipo kidogo kidogo au kazi za jamii badala ya fedha. Omba mkalimani wa Kiswahili. Ni haki yako, na usikubali mtoto wako afanye kazi hiyo. Asiyefika ndiye anayetolewa hati ya kukamatwa.

Zile tozo za ziada za kila mwaka za DPS, zilizowatesa madereva wengi, zilifutwa Septemba 2019.

Mimi ni mkimbizi mwenye green card. Nikubali kosa yaishe?

Usikubali chochote kinachozidi faini kabla ya kuzungumza na wakili anayeijua sheria ya uhamiaji. Tangu mwaka 2010 Mahakama Kuu inamlazimu wakili wa jinai kumshauri mteja asiye raia juu ya hatari ya kufukuzwa nchini. Mwambie wakili wako waziwazi kwamba wewe si raia.

Siku 90 zangu zimekwisha. Niwashe gari?

Bado. Leseni hairudi yenyewe. Lazima ulipe ada ya kuirejesha, kwa kawaida dola 100, au 125 kwa zile kesi za kipimo cha ulevi, na utimize lolote lingine linalodaiwa, SR-22 ikiwamo. Usipolipa, mbele ya sheria bado umefungiwa, hata ipite miaka. Rudi kwenye ukurasa wa DPS, na usiguse usukani mpaka uone imeandikwa kwamba unastahili kuendesha.